Tumegawa madawati 60 mbele ya kamera, wagumu wetu, yaani wapagazi wa mlimani, bado wanatudai. Hapa tumesaidia jamii au tumejisaidia?

Mhasibu wa Mlimani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nafanya hesabu kwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa hapa Moshi. Jina sitaji, na anayedhani anaijua namwomba naye asitaje. Ninachotaka tukijadili kipo kwenye ofisi nyingi, anzia Shanty Town mpaka Sakina kule Arusha.

Jumamosi tulikwenda kukabidhi madawati kwenye shule moja ya msingi huko juu, upande wa Machame. Madawati 60, bango, fulana za kijani, muziki, pilau, soda kreti kumi. Diwani alikuwepo, mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, watoto wakaimba. Mvua ilikuwa imeikata njia ya kuingilia shuleni, kwa hiyo Fuso likaishia barabarani na wazazi wa kiume wakaombwa wakabebe. Mmoja akaja na dawati kichwani, shingo haitikisiki, mkono mmoja tu umegusa mguu wa dawati. Hivyo hubeba mtu ambaye kubeba ni kazi yake. Alipolitua ndipo nikamtambua. Ni mgumu wetu, wiki tatu nyuma alikuwa ametushushia mizigo Mweka, geti la kushukia.

Nikampa shikamoo, ni mtu mzima. Akaitikia, akajifuta jasho kwa mkono wa shati, akasogea karibu na kuniuliza kwa sauti ya chini, diwani asisikie: "Mwanangu, ile ya Machame vipi?"

Ile ya Machame, yaani safari ya kupanda kwa njia ya Machame, iko hivi. Makubaliano yalikuwa 20,000 kwa siku, safari ya siku 7, wagumu 24. Waliposhuka bosi akasema wapewe nusu, nyingine wageni wakikamilisha malipo. Wakuu, wale wageni walikamilisha malipo kabla hata hawajatua KIA, na mimi ndiye niliyeiona hela ikiingia. Karatasi ya malipo ina safu ya kiasi imeandikwa 140,000, na safu ya sahihi. Mtu anasaini 140,000, anaondoka na 70,000. Aliyekaa mezani ni mimi, na kalamu ni yangu.

Usiku ule nikapiga hesabu. Elfu 10 kwa siku, siku 7, watu 24, ni 1,680,000. Safari za namna hiyo msimu huu zipo tatu, jumla 5,040,000. Madawati 60 kwa 80,000 kila moja ni 4,800,000. Nikazima simu nikalala, au tuseme nikalala chali nikiangalia dari.

Jumatatu nimeletewa risiti. Pilau, fulana, bango na gari la muziki ni 1,350,000, zaidi ya robo ya bei ya madawati yenyewe. Maelekezo ya bosi: yote iwe "huduma kwa jamii", halafu picha ziende kwenye tovuti kwenye ule ukurasa wa jinsi tunavyorudisha kwa jamii.

Wanaojua haya mambo, nielezeni. Hili ni jema lenye kasoro, au ni kasoro iliyovishwa fulana ya kijani?

---

Chalii wa Ngarenaro

Nimevuta kiti. Zile kreti kumi zimebaki ngapi?

---

Kahawa Chungu

Mkuu, umeuliza na kujibu mwenyewe. Watoto wamepata pa kukaa, hilo ni jema. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Wangapi wana hela na hawatoi hata kigoda? Bosi wako angeweza kuzila zote.

---

Binti wa Machame

Akimjibu Kahawa Chungu: Angeweza kuzila zote? Zake zipi? Hebu soma tena. Yule baba amebeba dawati bila malipo, dawati lililonunuliwa kwa hela ambayo hajalipwa, kwenda kulikabidhi kwenye shule ya kijiji chake, halafu akapiga makofi. Hapo aliyetoa msaada ni nani?

---

Mgumu Mstaafu

Nimepanda mlima miaka kumi na moja, nimeacha kwa sababu ya goti. Acheni niseme kidogo, maana naona watu wanaongea kuhusu sisi kama wanaongea kuhusu punda.

Sheria ya hifadhi inasema kilo 20. Getini kuna mzani, na kampuni inayojiheshimu inaheshimu mzani. Lakini nimeshuhudia, na mimi mwenyewe nimeshiriki nikiwa kijana mwenye njaa. Unapima kilo 20 zako vizuri, jamaa mwingine anapima ya kwake, mkishauacha mzani nyuma ya kona yule mwingine anakugawia mzigo wake na kurudi zake nyumbani. Kwenye karatasi mmepanda kumi, mlimani mko wanane. Hela za wale wawili usiniulize zilikokwenda.

Chakula. Kuna safari tulikula mara moja kwa siku, ugali na mboga ya majani, jioni, na kule juu Barafu baridi inaingia kwenye jino. Tunalala kwenye hema la kulia la wageni, kwa hiyo huwezi kulala mpaka wamalize kula na kupiga stori, na alfajiri unatolewa wapangiwe chai. Viatu unaazima. Hapo ndipo mimi nawashukuru wale wa KPAP, ule mradi wa kuwasaidia wapagazi wenye ofisi hapa Moshi tangu 2003, wanaazimisha makoti na viatu bure. Wana pia orodha ya kampuni wanazozifuatilia jinsi zinavyotulipa na kutulisha. Mgeni akitaka kujua anapanda na nani, anaweza kuanzia hapo.

Kubwa ni hili. Siku hizi tipu ndiyo imekuwa mshahara, na mshahara ndio umekuwa tipu. Kampuni inamwambia mgeni wapagazi wanategemea sana ukarimu wako. Ni kweli, tunautegemea, kwa sababu kampuni imetuachia yeye atulipe.

Mhasibu, nadhani naijua ofisi yako. Sitaji. Lango la bluu?

---

Mhasibu wa Mlimani

Kiongozi, nimesema tusitaje.

---

Mgumu Mstaafu

Basi nimenyamaza.

---

Bosi Mdogo

Naona nimekuja kwenye harusi ambayo mimi ndiye ninayechinjwa. Nina kampuni ndogo Arusha, magari mawili, moja liko gereji. Niwape hesabu ya upande wa pili, halafu mnitukane.

Mgeni kaandika barua pepe, anataka Machame siku 7 na ana ofa ya dola 1,200 kutoka kampuni nyingine. Toa za hifadhi: kiingilio dola 70 kwa siku, siku 7 ni 490. Kambi dola 50 kwa usiku, sita ni 300. Uokoaji 20. Jumla 810. Weka VAT asilimia 18, unafika karibu 956. Hizo hazina mjadala, usipolipa geti halifunguki. Zimebaki dola 244. Piga kwa 2,500, ni kama laki sita na kumi. Wagumu watatu kwa mgeni mmoja, 140,000 kila mmoja, 420,000. Zimebaki laki na tisini. Hapo gaidi, yaani anayewaongoza wageni, bado, mpishi bado, chakula cha siku 7 bado, gesi, mahema, gari la kwenda na kurudi. Na wakala wa nje aliyemleta mgeni anataka kamisheni yake.

Juu ya hayo, droo yangu imejaa barua za michango. Mwenge, zahanati, mahafali, ujenzi wa ofisi ya kata, mbio za nani sijui. Usipotoa unaonekana huna ushirikiano, na siku una shida ya kibali ndiyo utakumbushwa. Sasa ukiwa na shilingi moja na unadaiwa na watu wawili, mmoja mgumu asiye na sauti na mwingine mwenye muhuri, nani analipwa kwanza? Nawaambia ukweli ambao mabosi hawausemi.

---

Binti wa Machame

Akimjibu Bosi Mdogo: Asante kwa hesabu, kaka, sikejeli. Lakini umejimaliza mwenyewe. Anayekubali kuuza kwa 1,200 alishajua pale pale anapobonyeza "tuma" nani ataifidia hiyo bei. Hifadhi haipunguzi, TRA haipunguzi, muuza gesi hapunguzi. Anayepunguzika ni mmoja tu kwenye mnyororo mzima. Kwa hiyo wagumu hawakosi hela kwa bahati mbaya wageni wakichelewa kulipa. Walikosa siku bei ilipopangwa.

---

Bosi Mdogo

Sina la kujibu hapo. Ila ukiuza 1,900 na jirani anauza 1,200, mwenye 1,900 anafunga ofisi. Nimeona wanne wakifunga.

---

Mwalimu wa Zamu

Nafundisha biashara chuo fulani, sitawachosha kwa somo.

Wasomi wamebishana sana kuhusu hili. Milton Friedman, mchumi wa Marekani, aliandika 1970 kwamba jukumu la kampuni kwa jamii ni kutengeneza faida, basi. Watu humtumia kutetea mabosi wabahili. Ila wengi hawafiki mwisho wa sentensi yake, maana aliweka sharti: faida itafutwe ndani ya kanuni za mchezo, kwa ushindani wa wazi, bila udanganyifu. Kwa hiyo hata mtetezi mkali kuliko wote wa faida angeishika ile karatasi ya 140,000 iliyosainiwa na mtu mwenye 70,000 mkononi, akasema hapana, hii siyo biashara niliyoitetea.

Upande mwingine kuna Archie Carroll, naye Mmarekani, ambaye 1991 alichora piramidi. Chini kabisa biashara ijiendeshe, juu yake itii sheria, juu yake itende haki hata pale sheria isipodai, na kileleni ndipo kuna kutoa misaada. Madawati ni kileleni. Ujira uko ngazi ya pili toka chini. Bosi wako ameezeka bati, ukuta hajajenga.

Bosi Mdogo, wewe hoja yako ni ya chini kabisa, kwamba biashara haijiendeshi kwa bei hiyo. Naiheshimu kuliko ya pilau.

---

Chalii wa Ngarenaro

Ticha umesema hutachosha. Piramidi tumeiona, madawati tumeyaona, bado pilau.

---

Mwanaapolo

Njooni huku Mererani, kwenye machimbo ya tanzanite, mjifunze kulia. Shimoni hakuna mshahara, kuna mgao. Unachimba mwezi, miezi sita, mwaka, unalishwa ugali na maharage, jiwe likitoka ndiyo mnagawana kwa makubaliano ya mdomo. Lisipotoka, ulikuwa unafanya mazoezi. Mwaka 2020 mzee Laizer, mchimbaji wa huku huku, alipotoa yale mawe mawili, moja kilo 9.27 na jingine 5.1, serikali ikamlipa bilioni 7.7 na ushee, dunia nzima ikasikia akisema atajenga shule kijijini kwao. Safi sana, mzee wa watu. Lakini mimi sikusikia hata mwandishi mmoja akiuliza kwa ujumla: huku kwetu waliokuwa shimoni hulipwaje? Wote waliuliza kuhusu shule. Shule inapigika picha. Mgao haupigiki picha.

Na sisi angalau tuna sheria. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yanamtaka mwenye leseni kila mwaka aandae mpango wa kusaidia jamii na akubaliane na halmashauri. Siyo hisani tena, ni wajibu. Halmashauri inakaa mezani, inasema tunataka zahanati hapa, siyo fulana.

---

Wakili Asiye na Joho

Nimeona sheria imetajwa, nimeamka.

Mwanaapolo yuko sahihi kuhusu madini. Wahindi wamekwenda mbali zaidi, sheria yao ya makampuni ya 2013 inazitaka kampuni kubwa zitenge asilimia 2 ya wastani wa faida kwa shughuli za jamii. Lakini tahadhari: ukishaigeuza kuwa asilimia, watu wanajifunza kutimiza asilimia.

Twende kwa mhasibu. Mambo matatu, haraka haraka.

Kulipa nusu na kusainisha yote ni kutengeneza kumbukumbu ya uongo. Hilo sizungushi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimwachi mtu kwa sababu anaitwa kibarua wa safari. Ujira ni ujira. Anayedai malipo anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na hahitaji wakili kufungua shauri. Angalieni muda: aliyeachishwa kazi ana siku 30, madai mengine siku 60. Wagumu wengi wanasubiri kwa heshima, "bosi kasema msimu ukiisha", msimu unaisha na siku 60 zimeshapita. Inawezekana kuomba nyongeza ya muda ukiwa na sababu, lakini msiitegemee.

La tatu ni kodi. Michango kwa shughuli za maendeleo ya jamii inaruhusiwa kupunguza mapato yanayotozwa kodi, lakini ina ukomo, asilimia 2 ya mapato ya biashara. Ndiyo maana baadhi ya mabosi huipitisha kwingine.

---

Mhasibu wa Mlimani

Akimjibu Wakili Asiye na Joho: Mkuu, umegusa penyewe. Leo mchana bosi amebadilisha maelekezo. Mshauri wake wa kodi kamwambia akiiweka kwenye misaada itazidi ule ukomo, kwa hiyo niihamishie yote kwenye fungu la matangazo.

---

Binti wa Machame

Basi vitabu vyenu vya hesabu vina ukweli kuliko bango lenu.

---

Chalii wa Ngarenaro

Hii nimeipiga picha nimetuma magrupu matatu.

---

Mzee wa Kibo

Wanangu, nimesoma uzi wote kwa miwani ya kuazima.

Hapa Kilimanjaro tulikuwa na namna yetu kabla ya hayo mabango. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao 1925, KNPA, baadaye 1933 ikawa KNCU, na naambiwa hakuna chama kikuu cha ushirika kikongwe kama hicho Afrika. Mimi nilisoma kwa kahawa. Baba alipeleka magunia chama cha msingi, akapewa malipo ya kwanza, halafu msimu ukikamilika yanakuja malipo ya pili. Ada ilitoka hapo. Hakuna mtu aliyekuja shuleni na fulana kusema nimekusomesha. Tulisoma kwa sababu baba alilipwa.

Sisemi ushirika ulikuwa malaika. Malipo ya pili yalianza kuchelewa, kisha yakawa hadithi, na watu wakang'oa mibuni wakapanda nyanya. Wizi upo kwenye chama kama ulivyo kwenye kampuni. Ila kile kitu cha mtu kulipwa jasho lake halafu yeye mwenyewe aamue anunue dawati, bati au mbege, hicho ndicho ninachokitamani nikisoma habari ya yule baba. Angelipwa zile sabini zake, pengine angenunua daftari. Pengine angekunywa. Ni zake.

---

Kahawa Chungu

Akimjibu Mzee wa Kibo: Shikamoo mzee. Jina langu la humu nalibadilisha kwa heshima yako. Bado nasema madawati siyo dhambi.

---

Mzee wa Kibo

Marahaba. Siyo dhambi kabisa, mwanangu. Dawati halina kosa.

---

Mama wa Mbuyuni

Mimi nauza nafaka hapa Mbuyuni, sina elimu ya piramidi. Nina vijana wawili wananipakilia magunia. Jioni kabla sijafunga hesabu nawapa chao, hata siku nimeuza debe mbili. Waislamu tunafundishwa mpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nimewahi kukopa kwa jirani nikawalipa. Siyo kwamba mimi ni mwema sana, jamani. Kijana akilala na njaa leo, kesho gunia langu linapasuka.

Sasa huyo bosi jasho limekauka, limenyeshewa mvua, limekauka tena.

---

Mlokole wa Pasua

Na Yakobo 5:4 inasema ujira wa vibarua uliozuiliwa unapiga kelele. Ongeza hapo mama.

---

Shabiki wa Haki

Jamani naona mnamsifia mhasibu kama shujaa. Naomba nimuulize kwa upole. Kalamu ni yako, umesema mwenyewe. Safari tatu, watu 24 kila safari, ni sahihi 72. Kila mara ulimtazama mtu akisaini uongo ukamkabidhi bahasha. Ungekutana na yule baba kama Fuso lingefika mpaka mlangoni? Bodi yenu ya wahasibu, NBAA, ina kanuni za maadili, na sidhani kama zinasema uaminifu unaanza siku utakapoaibika shuleni.

---

Mhasibu wa Mlimani

Akimjibu Shabiki wa Haki: Umenipiga pabaya na nimestahili.

Sitajitetea sana. Safari ya kwanza niliuliza, nikaambiwa ni wiki moja tu. Ya pili sikuuliza. Ya tatu nilikuwa nimeshazoea kiasi kwamba nilipanga noti za elfu kumi kumi saba saba kwenye bahasha usiku uliotangulia, ili foleni iende haraka. Nilijiona mchapakazi. Kuna mgumu mmoja vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akashindwa kushika kalamu, nikamsogezea kidau cha wino aweke dole gumba. Anajua kuandika vizuri kabisa. Akasema, "Nisaidie tu kubonyeza." Nikambonyezea.

Nina mke na mtoto wa miezi minne, na kazi Moshi mnajua zilivyo. Sijasema hilo ni jibu.

---

Bosi Mdogo

Mhasibu, nikupe ushauri wa bosi. Usiende kwa bosi wako na dhambi zake, nenda na njia. Mwambie sitapitisha karatasi ambayo kiasi na sahihi havilingani, siku TRA au wakaguzi wakija tunakwenda wote. Bosi akisikia "tunakwenda wote" anaelewa Kiswahili. Halafu mpe ratiba: deni lote, mafungu mawili au matatu, kwa simu, siyo bahasha. Hela ikipita kwenye simu ina kumbukumbu, na gaidi hapati nafasi ya kumega.

Mimi mwenyewe nimehamia kulipa kwa simu mwaka jana. Nikagundua kuna majina manne ya wagumu hayana namba. Hayakuwa na namba kwa sababu hayakuwa na watu.

---

Mgumu Mstaafu

Hao wanne ndio wale wa nyuma ya kona.

---

Mwalimu wa Zamu

Na ule ukurasa wa tovuti, mhasibu, shauri uandikwe tofauti. Watu gani mnawalipa, kiasi gani kwa siku, ndani ya siku ngapi baada ya kushuka, mzigo kilo ngapi, chakula mara ngapi. Mgeni anayelipa 1,900 anataka kujua kwa nini siyo 1,200. Huyo ndiye mteja wa kumtafuta, na madawati hayamwelezi chochote.

---

Chalii wa Ngarenaro

Siku ya nne hii, mhasibu hajarudi. Ama kafukuzwa ama kapandishwa cheo.

---

Mhasibu wa Mlimani

Nipo wakuu. Wala sijafukuzwa wala sijapandishwa.

Niliingia kwa bosi Alhamisi asubuhi, kabla ya chai maana akishakunywa chai anatoka. Nikaweka karatasi tatu za malipo mezani, na karatasi ya nne niliyoandika mimi: jina, aliyosaini, aliyopokea, anayodai. Akasoma kimya mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Wewe ni mhasibu au padri?" Nikamwambia mhasibu, na kama mhasibu sipitishi hizi. Nikatumia ile ya "tunakwenda wote". Bosi Mdogo, umri mrefu.

Alipiga meza kidogo, akanikumbusha alivyonichukua bila uzoefu, akapiga simu mbili akiwa amenipa mgongo. Mwisho akakubali safari mbili zilipwe sasa, kwa simu, na ya tatu mwisho wa mwezi. Karatasi mpya zinaandikwa kiasi halisi kinachotoka siku hiyo, hata kama ni nusu. Ukurasa wa tovuti kakataa, picha za madawati zimeshapanda na wageni wameshazipenda. Fungu la matangazo limebaki matangazo.

Jana nimetuma. Sabini elfu, mmoja baada ya mwingine, namba 48, mpaka kidole gumba kinauma, na nikaona aibu kukisikia kinauma. Yule baba wa dawati alikuwa wa sita. Baada ya dakika kama kumi akapiga. Nikajiandaa kushukuriwa, nawaambia ukweli. Akasema: "Imeingia, Mungu akubariki. Sasa mwanangu, na ile ya Lemosho?"

Sina ya Lemosho, ile njia nyingine ya kupandia. Ilikuwa kabla sijaajiriwa. Nimefungua kabati lote, mafaili ya mwaka ule yana wageni, yana hifadhi, yana gesi, karatasi ya wagumu haipo.

Mgumu Mstaafu, siulizi lango ni la rangi gani. Nauliza tu, kama ulipanda Lemosho na ofisi hiyo, kuna mtu aliyewahi kuipiga picha ile karatasi?

---

Mgumu Mstaafu

Ninayo mimi. Imepinda na ina tope, lakini inasomeka. Niko mstari wa tisa.